Peasi la Sefu Kiangazi

Nilimfukuza studioni mwimbaji maarufu kuliko wote waliowahi kupanda mlima huu, na kosa lake lilikuwa kula peasi.

Naanzia hapo kwa sababu ninyi vijana niliowaachia viti vyangu mmekuwa mkilisimulia jambo hili vibaya. Mmoja wenu anasema nilimpiga kwa ufagio. Sikumpiga. Ufagio niliushika tu.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa ya aina ile ambayo wazazi hawayatangazi kanisani. Studio yetu ilikuwa ghala la viazi lililostaafu, kama mimi sasa: kuta nene za mawe, dirisha dogo, na harufu ya udongo ambayo haikutoka hata tulipopaka rangi. Ukutani tulipigilia mablanketi na trei za mayai ili sauti isirudi. Mwenye studio, Fundi Mathayo, alikuwa anatafuta mtu wa kufagia na kuangalia mlango. Aliuliza mtaani ni binti gani hapendi kutoka kwao, na kila aliyeulizwa akanitaja mimi. "Kazi hii inataka mtu wa kukaa," aliniambia. Kukaa nilikuwa nakuweza. Mpaka leo, gari likianza kona za kushuka Soni, tumbo langu hunikumbusha kwamba Mungu aliniumba niishi juu na nibaki juu.

Mlangoni palikuwa na kibao: ASIYEPIGA WALA KUIMBA ASIINGIE. Nilikisoma siku ya kwanza nikakiweka moyoni pamoja na amri kumi za Mungu.

Siku ya peasi Fundi alishuka dukani kutafuta wembe na utepe wa kuungia kanda. Aliniachia rekoda, akanionyesha kitufe cha kuwasha na cha kuzima, akasema vilivyobaki havinihusu. Ndani alikuwapo Zakaria Ukungu, mpiga gita wa Mlalo. Huyo nilimjua, nani asingemjua. Msambaa mwenzetu aliyelifanya gita liongee mpaka watu wa Tanga mjini wakacheza bila kujua maneno. Lakini kwenye benchi la pembeni alikaa mwanamume mwembamba, ndala zake zina vumbi jekundu la nchi kavu, hana chombo wala karatasi. Ukungu alipiga. Yule mtu alisikiliza kidogo, akaingiza mkono mfukoni, akatoa peasi. Mapeasi yetu mnayajua, ni magumu. Aliling'ata, kacha! Rekoda ikalichukua lote.

Nikazima mashine.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Wewe unapiga nini?"

"Sipigi kitu."

"Unaimba?"

"Leo siimbi."

"Basi kibao kinasema utoke."

Akamgeukia Ukungu, kama mtu anayeomba wakili. Ukungu alikuwa ameinamia nyuzi zake, midomo inamtetemeka. "Mtoe," alisema bila kuinua uso. "Peasi lake pia litoke."

Nikamtoa. Ukungu akaendelea kupiga, na kwa masikio yangu ya wakati ule alipiga vizuri mno, vidole vinakimbia kama sungura. Fundi aliporudi, alisimama nyuma yangu, akasikiliza, akavua miwani.

"Mbona wimbo umekufa?"

"Haujafa, Fundi. Anapiga haraka zaidi."

"Sefu yuko wapi?"

"Sefu gani?"

"Sefu Kiangazi. Alikuwa hapo kwenye benchi."

Sauti ya Sefu Kiangazi ilikuwa inakaa nyumbani kwetu. Redio ikimleta, mama aliacha kusonga ugali. Nilikimbia nje, nikamkuta ukutani amejifunika gunia la viazi, ukungu umemjaa kwenye nyusi, anawaeleza wapita njia: "Nimefukuzwa na mkuu wa majeshi. Mtoto huyu akikua, Handeni yote atatutoa."

Sikufukuzwa kazi. Fundi alinikalisha akanieleza, nami nawaelezeni ninyi, kwa sababu hili ndilo somo pekee nililonalo. Yale ya mashine mmeshanipita.

Kiangazi alikuwa Mzigua wa Handeni na Ukungu Msambaa, na Mzigua na Msambaa ni watani. Mtani ana ruhusa ambayo mkeo hana, mwanao hana, mchungaji hana. Atakutukana mbele za watu na hutakasirika, na ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Wale wawili kila mmoja alikuwa na bendi yake, na mashabiki wa Tanga waliamini ni maadui, maana walikuwa wakitaniana mpaka kwenye nyimbo. Kumbe kila mmoja alipotaka kurekodi alimwita mwenzake aje akae kwenye benchi. Hakuja kupiga. Alikuja kuchoka. Kiangazi akichoshwa na wimbo, alikula peasi. Wimbo ukimshika, peasi lilibaki mkononi. Msimu wa mapeasi ukipita alikuja na karoti za Soni, ambazo kwa mpiga gita ni mbaya zaidi.

Zamu ikigeuka, Ukungu alikuja na koti lake la sufu. Kiangazi akiimba maneno ya uongo, Ukungu alianza kufunga vifungo, kutoka chini kwenda juu. Vilipokaribia shingoni, Kiangazi alinyamaza mwenyewe.

"Kifungo gani hicho?" alikuwa akiuliza.

"Hapo unaposema utakufa kwa ajili yake," alikuwa akijibu Ukungu. "Hujawahi kukosa hata chakula cha mchana kwa ajili yake."

Kiangazi alitukana kidogo kwa Kizigua, kisha alifuta ubeti.

Niliulizwa mara nyingi jinsi nilivyokuwa nikiondoa ile sauti ya kutafuna kwenye kanda. Sikuwa naiondoa. Kanda yenye peasi ilikuwa imeshakataliwa, hivyo hapakuwa na cha kusafisha. Huo ndio ufundi wangu mkubwa wa miaka ya mwanzo, na ninyi mna programu ya kompyuta kwa ajili ya kazi ambayo mimi niliepuka kwa uvivu.

Fundi alinifundisha kukata kanda kwa wembe, kwa mshazari, na kuiunga bila mshono kusikika. Alinifundisha kugeuzia benchi mgongo wa maikrofoni. Zaidi ya yote alinifundisha kusikiliza mahali ambapo hapana sauti. "Wanaocheza husikia noti," alikuwa akisema. "Wewe sikiliza nafasi." Nilidhani ni maneno ya mtu mwenye njaa. Kisha nikaanza kuisikia. Ukungu wa zamani, katika zile kanda alizorekodi kabla hajamjua Kiangazi, hapumui. Gita linajaza kila pembe kama mgeni aliyeleta magodoro yake. Baada ya miaka kadhaa ya mapeasi, anapiga mstari, anaacha. Pale alipoacha ndipo mtu hukumbuka mambo yake mwenyewe. Naye Kiangazi, aliyekuwa anaimba kama anayetoa ushahidi mahakamani, beti juu ya beti, alikuja kuimba nyimbo fupi ambazo watu walizirudia kwa sababu zilikwisha kabla hawajashiba. Hata akiimba na bendi yake mwenyewe, Ukungu yuko zake Mlalo analima kabichi, mwisho wa kila mstari Kiangazi aliacha kijinafasi. Gita halipo, lakini mahali pake pamewekwa, kama kiti cha mtu aliyechelewa.

Ilikuwapo safari moja Kiangazi alipoitwa Dar es Salaam. Studio kubwa, wapigaji wa kulipwa, viyoyozi. Alikaa huko muda, akarudi na kanda, akaja moja kwa moja kwetu kabla hata ya kufika kwao. Ukungu aliisikiliza akiwa ameshafunga koti lote.

"Kule walikuambiaje?" aliuliza.

"Kila nikimaliza wananipigia makofi, Mghosi," alisema Kiangazi, akimwita bwana kwa Kisambaa.

"Halafu?"

"Halafu nikajua nimekwisha."

Wakacheka mpaka Fundi akawatoa nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa nazungusha kanda kurudi mwanzo, na nilijiona mtu mwenye bahati kuliko watu wengi wenye matokeo mazuri.

Fundi Mathayo alitangulia mbele za haki, rekoda zikafuata, zikaja kompyuta, mkaja ninyi. Nilijifunza panya na vidirisha kwa shida ambayo mliishuhudia, na nawashukuru kwa kucheka mkiwa nje. Wazee wale wawili waliendelea kuja. Siku hizo Kiangazi alikuwa hana meno ya kutosha, hivyo peasi alilinusa tu na kulipangusa kwenye shati, na Ukungu alielewa.

Kisha Kiangazi akafa.

Nilishuka kumzika. Ndiyo, mimi. Nilikaa kiti cha mbele na mfuko wa plastiki, na dereva aliniombea kwa dini zote mbili. Kwao tulikuta turubai, mikeka na umati uliojaa mpaka barabarani. Watu walikuwa wanamsubiri Ukungu, maana kwenye msiba mtani ana kazi. Jeneza likiinuliwa, yeye huziba njia, humsema marehemu uchoyo wake na ubishi wake, hudai asizikwe mpaka mtani apewe chochote, na wafiwa hucheka katikati ya kilio. Hapo pumzi hurudi. Asiyetaniwa huonekana amezikwa kama mgeni.

Jeneza lilitoka. Ukungu alisimama njiani, na koti lake. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alisimama vilevile, machozi yanamtiririka mpaka kwenye vifungo.

Kwenye mikeka ya wanawake, shangazi wa marehemu alipaza sauti kumsaidia: "Wewe Msambaa, umekuja kuzika au kumwagilia?"

Watu walicheka kidogo, wakimngoja ajibu. Alisogea pembeni, jeneza likapita kimya. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Mtani analia? Basi tumeisha."

Aibu hiyo Ukungu alipanda nayo mlimani. Msimu wa mapeasi uliofuata, mimi nikiwa nimebakiza wiki chache nistaafu, alikuja na gita. Alisema ametunga wimbo wa Kiangazi, na kwamba ukikamilika atauacha upelekwe Handeni, na usipokamilika ataliuza gita, kwa sababu hana tena mtu wa kumpigia. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi. Niliweka peasi kwenye benchi tupu. Sijui kwa nini. Mikono ya mtu wa nyumbani haitulii.

Aliimba. Shujaa amelala, nyota imezimika, milima inalia, sauti ya dhahabu, na kadhalika. Gita halikukosea popote. Vijana wangu mlikuwa mmekaa kwenye kompyuta, mkasema, "Kali sana, babu." Ulikuwa wimbo ambao ungeweza kuimbiwa meneja wa benki.

Ukungu akanigeukia mimi. "Vipi, mwanangu?"

Nilijua. Nilikaa chumba kile maisha yangu yote, ningekosaje kujua. Lakini yule alikuwa rika la baba yangu, Msambaa mwenzangu, mfiwa, na mimi nimelelewa kwamba mkubwa husalimiwa, hakosolewi.

"Ni mzuri, baba."

Alitabasamu kwa huzuni. "Umekaa hapo miaka yote hiyo na bado hujajifunza kunidanganya." Akalitazama lile peasi kwenye benchi. "Mwenzangu sasa hivi angekuwa ameshafika kwenye mbegu."

Akalifunga gita kwenye kava lake. Alisema atalala kwa ndugu zake, asubuhi atashuka Mombo. Yuko mtu huko anayelitaka.

Nilirudi nyumbani nikijilaani. Nilipofika uani, jirani yangu Mwanahamisi alikuwa juu ya ngazi anaanika, na kama kawaida yake alianza kabla sijamaliza kufungua geti. "Umerudi? Kuku wako amekula mchicha wangu. Na hicho kitambaa kichwani ni cha kupigia deki au ni fasheni?"

Mwanahamisi alikuja mlimani kuchuma chai akiwa msichana, akaolewa, akabaki, anauza ndizi sokoni. Muda wote tulioishi ukuta kwa ukuta amenisema mapishi yangu, mume wangu, uimbaji wangu wa kwaya. Sijawahi kukasirika. Na pale, mkono wangu ukiwa bado kwenye komeo la geti, nikakumbuka kwa nini sijawahi kukasirika.

"Mwanahamisi," nilimwambia, "kwenu hasa ni wapi?"

"Kwetu Handeni, unauliza leo? Mzigua wa kuzaliwa."

"Kesho asubuhi twende studio."

"Mimi muziki sijui."

"Sikuiti ujue muziki. Nakuita ukale peasi."

Alfajiri nilikwenda kwa ndugu zake Ukungu kabla hajatoka, nikampigia magoti, nikamwomba aimbe mara moja tu. Alikuja kwa heshima yangu, gita likiwa bado kwenye kava la safari. Alipomkuta mwanamke mnene na kanga ya sokoni kwenye benchi la Kiangazi, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanahamisi. "Hiyo ni ya heshima, nimeshamaliza. Sasa imba, Msambaa, ndizi zangu zinaiva."

Ukungu alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akakaa. Akaanza: shujaa amelala, nyota imezimika...

Kacha!

Nawaapia, sijawahi kusikia sauti iliyonipa raha kama ile. Mkono wa Ukungu ulibaki hewani.

"Endelea, usinijali," alisema Mwanahamisi na mdomo umejaa. "Huyo aliyekufa ni nani, malaika? Handeni hatuna malaika, jua kali. Mtu wa kwetu unamwimbia kama askofu. Hakukoroma?"

"Alikoroma," alisema Ukungu polepole.

"Hakuazima kitu akakaa nacho?"

"Aliazima koti langu la harusi. Alizikwa hajalirudisha."

"Na wewe ulipewa nafasi ya kumdai, ukalia. Nimesikia habari zako, zimefika mpaka sokoni. Dai sasa."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kilio au kicheko, mpaka alipoinua uso. Akatuomba tumwache peke yake na gita. Tulikaa nje ukutani, mimi na Mwanahamisi, tumejifunika kanga moja, yeye akinieleza makosa ya bustani yangu.

Alipotuita, nilimpa Mwanahamisi peasi jipya, nikakaa mahali pangu. Wimbo haukuwa na shujaa. Ulikuwa na mtu anayekoroma kwenye lori, anayebishana na ramani, aliyekwenda zake na koti la mtu. Mashairi siyajui, lakini haya nayakumbuka:

*Rudisha koti langu, Kiangazi, huko hakuna baridi.*
*Mlima mzima umejaa watu wa heshima,*
*nani ataniambia nyamaza?*

Na baada ya kila mstari aliacha nafasi. Ndefu. Pale ambapo mwenzake angejibu.

Mmoja wenu aliniegemea akaninong'oneza, "Mama, hapo tuweke kinanda, pamepwaya." Nilimkanyaga mguu. Kazi yangu ya mwisho katika studio hii ilikuwa hiyo: kulinda mahali ambapo hapana kitu. Nafasi zile ziko kwenye kompyuta yenu mpaka sasa, na wimbo ulikwenda Handeni nazo. Nasikia shangazi wa marehemu alipousikia alicheka mpaka akashikwa mikono. Gita liko Mlalo, linapigwa jioni. Msije mkazifuta hata mkipewa programu ya kuzifuta. Na mkipata rafiki wa kuwachoka mbele ya uso wenu, mpeni benchi zuri, mbali kidogo na maikrofoni.

Lakini niimalizie siku ile. Gita liliponyamaza, hakuna aliyejisogeza. Nilizima mashine mwenyewe, kisha nikageuka kulitazama benchi, kama nilivyofundishwa. Mwanahamisi alikuwa amekaa wima, kanga ameivuta mpaka kidevuni, peasi liko mapajani halina hata alama ya jino. Alisimama, akapita mbele ya mzee, akanishikisha tunda lile mkononi, akasema, nami nanukuu bila kuongeza wala kupunguza:

"Huyo mzee wenu kichwa kinang'aa kama sufuria, mtafutieni kofia. Na peasi lenu hili hapa, limenishinda."